Dozi ya tatu ya TB na kikohozi kisichoisha: maswali na majibu kuhusu makovu ya mapafu na kipimo cha kinyama

Makovu ya mapafu ni ugonjwa gani?

Ni kundi la magonjwa zaidi ya 200 yanayoshambulia ukuta mwembamba ulio kati ya vifuko vya hewa na mishipa midogo ya damu. Ukuta ukivimba kisha ukakakamaa, oksijeni haipiti vizuri kuingia kwenye damu. Kikohozi chake huwa kikavu. Pumzi hukata mtu akipanda ngazi, baadaye hata akivaa shati.

Wengine huupata kwa vumbi la mwamba migodini, wengine kwa baridi yabisi, kwa kuvuta vumbi la manyoya na kinyesi cha njiwa na ndege wengine, au kwa dawa kama nitrofurantoini ya UTI ikinywewa miezi mingi. Wapo pia, hasa wenye umri wa zaidi ya miaka 60, ambao chanzo hakipatikani.

Baba yetu amemaliza dawa za TB mara mbili na bado anakohoa. Arudie mara ya tatu?

Hapana, si bila ushahidi. Makohozi yake yalionyesha nini? Swali hili tukiuliza, mara nyingi tunajibiwa kwamba picha ya X-ray "ilikuwa na madoa". Madoa si vimelea. Makovu ya mapafu huonyesha madoa, vumbi la mgodini huonyesha madoa, na TB iliyopona nayo huacha madoa.

Makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta chembe za urithi za vimelea vya TB. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa, kipimo hicho kinaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa, kwa hiyo makohozi yaoteshwe pia maabara, ionekane kama kuna vimelea hai. Yasipoonyesha kitu, na miezi miwili ya dawa haijaleta nafuu, mrudisheni kwa daktari mkiwa na swali moja: kama si TB, ni nini? Anayetumia dawa za TB sasa hivi asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Aende kuuliza akiwa bado anazinywa.

Daktari atajuaje kwamba si TB wala pumu?

Anza na vitu visivyo na gharama. Shati livuliwe, mgongo usikilizwe chini kabisa, mgonjwa akivuta pumzi ndefu. Kwenye makovu husikika mlio mkavu wa kuchanika, kama mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapofunguliwa. Ncha za vidole zinaweza kuwa zimevimba na kucha kupinda. Ukisikilizwa juu ya koti dakika moja kisha ukaandikiwa dawa ya kikohozi, hujapimwa.

Halafu oksijeni ya damu, kwa kifaa kinachobanwa kidoleni. Tunaona wagonjwa waliopimwa wakiwa wamekaa, wakasoma asilimia 95, wakaambiwa wako sawa. Mgonjwa wa makovu apimwe akitembea, dakika sita kwenye sehemu tambarare. Kushuka kwa asilimia 4 au zaidi kunahitaji kufuatiliwa, na ikifika chini ya 88 hali si nzuri. Kina mama, piko na rangi ya kucha hudanganya kifaa, tumieni kidole kisichopakwa kitu.

Kila mwenye makovu lazima akatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha pafu cha kupimwa?

La. Kwanza hufanyika CT ya kifua, yaani X-ray ya kompyuta inayopiga picha kipande kwa kipande. Vipande viwe vyembamba, visivyozidi milimita 1.5. Dawa ya rangi ya kuchoma mshipani kwa kawaida haihitajiki. Mgonjwa huvuta pumzi mpaka mwisho na kuizuia, kisha hurudia akiwa ametoa pumzi, na mara nyingine akiwa amelala kifudifudi, kwa kuwa uzito wa mapafu yenyewe huweza kutia kivuli mgongoni kikafanana na ugonjwa. Pumzi isipozuiwa vizuri, picha hutoka na ukungu na fedha imepotea. Ombeni CD, msiondoke na filamu peke yake.

CT ikionyesha matundu matundu yaliyopangana chini na pembezoni mwa mapafu, na historia ya mgonjwa ikakubaliana nayo, jibu limepatikana na kinyama hakihitajiki. Kipimo cha damu kikionyesha baridi yabisi au ugonjwa mwingine wa kinga, mara nyingi napo hatufiki kwenye kukata. Kinyama ni kwa wale ambao picha, damu na historia vimeshindwa kukubaliana, na jibu lake litabadilisha matibabu.

Kinachukuliwaje?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni bronkoskopi ya kawaida. Koo linapuliziwa ganzi, unapewa dawa ya usingizi mwepesi, kisha mrija laini wenye kamera unapitishwa puani au mdomoni. Daktari humwaga maji ya chumvi safi kwa awamu, jumla mililita 100 hadi 300, na kuyavuta tena ili seli zihesabiwe na vimelea vitafutwe. Kisha koleo dogo hung'oa vipande vya milimita 1 hadi 2. Vipande hivyo vinatosha kugundua sakoidosisi (ugonjwa wa kinga unaoota vinundu mapafuni), TB au saratani. Kwa makovu mengi mengine ni vidogo mno, na jibu la "hakuna kilichoonekana" halimaanishi huna ugonjwa.

Ya pili hutumia ncha inayogandisha. Unalazwa usingizi mzito na kuwekewa mpira wa kupumulia. Ncha hupozwa kwa gesi hadi zaidi ya nyuzi 70 chini ya sifuri na kugusishwa kwenye pafu kwa sekunde chache. Nyama inaganda, inanata, inavutwa nje, kipande cha takriban milimita 5. Daktari huiongoza kwa X-ray akikaa kama sentimita 1 kutoka kwenye utando wa pafu. Akikaribia zaidi, hewa huvuja kifuani. Akiwa katikati mno, hugusa mishipa mikubwa na damu ikawa nyingi. Ndiyo maana puto la kuziba njia ya hewa hutegwa mapema. Mwaka 2022 mwongozo wa kimataifa uliikubali njia hii badala ya upasuaji, pale tu penye wataalamu wenye uzoefu nayo.

Ya tatu ni upasuaji wa kamera chini ya nusu kaputi. Kwa kawaida hufunguliwa matundu madogo mawili au matatu ubavuni, pafu la upande huo hupumzishwa, na vipande vya sentimita kadhaa hukatwa kutoka sehemu mbili au tatu. Lazima ziwe zaidi ya moja, kwa sababu sehemu ya juu na ya chini zinaweza kutoa majibu tofauti. Daktari hukwepa pale ambapo CT inaonyesha pafu limekwisha kufa, maana kovu lililokomaa halisemi lilitokana na nini. Mpira wa kifuani hubaki siku moja au mbili.

Nimeambiwa pafu likiguswa na kisu, ugonjwa unasambaa.

Hausambai. Makovu si saratani wala si vimelea vya kuhama na sindano. Hatari za kweli ni hewa kuvuja kifuani, damu, na ugonjwa kulipuka ghafla baada ya upasuaji kwa mgonjwa aliyefika akiwa hoi. Mgonjwa anayesemwa "alikufa kwa kukatwa" mara nyingi aliletwa amechelewa, na kisu kikabebeshwa lawama.

Basi tungoje kwanza, tujaribu dawa nyingine?

Hapana. Takwimu za hospitali za Marekani za mwaka 2000 hadi 2011 zilionyesha kwamba kati ya waliofanyiwa upasuaji huu kwa kupangiwa siku, waliofia hospitalini walikuwa asilimia 1.7. Kwa waliofanyiwa bila kupangiwa, wakiwa wamelazwa, ilikuwa asilimia 16. Ni upasuaji uleule. Nguvu ya pafu ikishuka chini ya nusu ya kawaida, au mtu akihitaji oksijeni akiwa amekaa tu, mara nyingi tunalazimika kukataa kumpasua, na tunabaki kubahatisha dawa.

Na prednisoloni ya duka la dawa? Inamsaidia kidogo.

Tafadhali, acheni. Prednisoloni ni dawa ya steroidi. Inaweza kubadilisha sura ya ugonjwa kwenye kinyama, na kama kuna TB iliyojificha, inaiamsha. Kwa makovu yasiyojulikana chanzo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulisimamisha mchanganyiko wa prednisoni (ndugu ya prednisoloni) na dawa nyingine mbili kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walikufa na kulazwa zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Aliyekwisha kuitumia wiki kadhaa asiikate ghafla. Aseme ukweli, dozi na muda, na daktari amshushe taratibu.

Nijiandae vipi?

Usile chakula kwa saa 6 kabla. Maji matupu mwisho saa 2 kabla. Chai ya maziwa ni chakula, hata kama hukula mkate. Taja dawa zote za kuzuia damu kuganda: warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5, klopidogreli siku 5 hadi 7, lakini kwa maagizo ya daktari wa moyo, si kwa kusoma hapa. Chembe sahani za damu, zinazosaidia damu kuganda, zihesabiwe. Njoo na picha za zamani zote, hata ya miaka minne nyuma. Kasi ya ugonjwa husomwa humo.

Ndugu tukipewa kichupa tukipeleke maabara, tuangalie nini?

Viwe vichupa viwili. Kipande cha patholojia, cha kuangaliwa kwa darubini, huwekwa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, nyingi kuliko kipande angalau mara 10. Kipande cha kuotesha TB huwekwa kwenye maji ya chumvi safi, kamwe si fomalini, kwa kuwa fomalini huua vimelea na uotesho utatoka mtupu kwa kosa la kichupa. Ukikabidhiwa kichupa kimoja tu, uliza kabla hujatoka chumba cha upasuaji. Jina, tarehe na upande wa pafu viandikwe kwenye kichupa chenyewe, kwani mfuniko hubadilishwa.

Majibu yakitoka?

Karatasi ya patholojia peke yake haitoshi. Daktari wa kifua, wa picha na wa patholojia wakae pamoja. Baadhi ya makovu hutibiwa kwa prednisoloni iliyopangwa, mengine kwa kuondoa njiwa au kuacha kazi ya vumbi, mengine kwa dawa za nintedanibu au pirfenidoni, ambazo hupunguza kasi bila kurudisha pafu lililokwisha kakamaa.

Nikiwa nimerudi nyumbani, kipi kinanirudisha hospitali?

Maumivu makali ya kifua yanayoanza ghafla, pumzi kubana kuliko ulivyotoka, damu ya kukohoa inayozidi kijiko cha chakula, au homa inayopita siku moja. Homa kidogo usiku wa kwanza baada ya bronkoskopi ni ya kawaida. Michirizi ya damu kwenye makohozi pia. Hewa ikiwa imevuja kifuani, usipande ndege mpaka X-ray ionyeshe imekwisha na daktari akuruhusu. Dalili hizi zikitokea saa nane za usiku, nenda saa nane hiyohiyo.