Mkono hauwezi kurusha kitu kupita kasi ya sauti, mjeledi unaweza

Huenda ukadhani kuwa mtu mwenye nguvu, akichagua kijiwe chepesi, anaweza kukirusha kikapita kasi ya sauti. Hawezi. Kwenye hewa ya nyuzijoto 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kilomita 1,235 kwa saa. Mwaka 2010, mrushaji wa besiboli Aroldis Chapman alirusha mpira uliofikia kilomita 170 hivi kwa saa, chini ya sehemu moja ya saba.

Mpira huo una gramu 145. Mrusho wake ulibeba nishati ya jouli 160 hivi. Kufikia kasi ya sauti kungehitaji 8,500. Wepesi nao hausaidii sana, kwa kuwa kitu hutoka kwa kasi ya vidole vinavyokiachia, na mkono lazima kwanza ujisukume wenyewe.

Mjeledi hukwepa kikwazo hicho. Ukiuchapa, kitanzi hukimbia kutoka mpinini hadi nchani, na kwa kuwa mjeledi unazidi kuwa mwembamba, nishati hubaki kwenye uzito mdogo zaidi na zaidi, hivyo kasi hupanda. Mlio wenyewe si ngozi kugonga ngozi, ni wimbi la mshtuko, yaani mgandamizo wa ghafla wa hewa unaotokea kitu kinapofikia kasi ya sauti. Tena, mwaka 2002 wanahisabati Alain Goriely na Tyler McMillen walionyesha kuwa wimbi hilo hutoka kwenye kitanzi kinapofikia kasi ya sauti, ingawa ncha husafiri kwa kasi mara mbili ya hiyo.