Jiko la kuni la mitumba: uzito si ubora

Kuna imani ya siku nyingi Marekani kwamba jiko la kuni la chuma, lile la kupachikwa ndani ya meko ya ukutani, halichakai. Likiwa zito, linunue.

Chuma huchakaa. Moto mkali wa miaka mingi hupinda bamba na kufungua nyufa kwenye viungio. Washa tochi ndani ya jiko gizani. Mwanga ukipenya, liache. Kisha bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kirahisi, kamba ya kuzibia imekufa, ingawa hiyo hubadilishwa kwa bei ndogo.

Kinachonisumbua zaidi ni moshi. Majiko mengi ya kabla ya 1988, mwaka EPA, idara ya Marekani ya kulinda mazingira, ilipotoa kanuni zake za kwanza za majiko ya kuni, hayaunguzi moshi wake. Mengi ya kisasa huingiza hewa iliyopashwa moto juu ya kuni, moshi nao ukawaka na kutoa joto. La zamani huutupa juu, tena mara nyingi bila bomba lake lenyewe ndani ya dohani. Moshi hupoa kwenye nafasi ile pana, ukaganda kuwa kreosoti, utando mweusi unaoweza kuwaka na kuunguza nyumba.

Kwa hiyo tafuta kibao cha cheti cha EPA, kwa kawaida nyuma ya jiko. Jimbo la Oregon haliruhusu kuuza lisilo nacho, hata la mitumba. Na kwenye bei weka pia bomba jipya la chuma cha pua. Lisipoingia kwenye bajeti yako, usinunue.