Kila Miso na Chungu Chake

Wasomaji wanaoanza kupika vyakula vya Kijapani huniuliza mara kwa mara: "Nimenunua miso, nitie vijiko vingapi?" Miso ni rojo la soya lililochachushwa, na siwezi kujibu kabla ya kujua ni miso ipi, kwa kuwa kijiko cha miso nyekundu ya Sendai, ambayo chumvi yake hukaribia asilimia 12, kina chumvi zaidi ya mara mbili ya kijiko cha miso nyeupe ya Kyoto, yenye asilimia 5 hivi. Mapishi yanayosema "ongeza miso" na kuishia hapo humpoteza mpishi.

Miso zote hutokana na soya iliyopikwa na kupondwa, chumvi, na koji, yaani nafaka au soya iliyooteshwa kuvu aina ya Aspergillus oryzae. Kuvu hii hutoa vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari na protini kuwa asidi amino, na humo ndimo utamu na ukolezo wa miso unamotoka. Koji ya mchele ndiyo iliyoenea zaidi nchini Japani. Koji ya shayiri hupendwa sana Kyushu, kisiwa cha kusini. Na katika mkoa wa Aichi na majirani zake, soya yenyewe ndiyo huoteshwa kuvu, bila nafaka yoyote. Koji ikiwa nyingi na chumvi kidogo, miso huiva upesi, ikabaki nyeupe na tamu. Koji ikipungua na chumvi ikizidi, hukaa miezi mingi au hata miaka, na rangi yake hukolea kadiri sukari na asidi amino zinavyoungana.

Hatcho, miso ya mji wa Okazaki huko Aichi, ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Jina lake lina maana ya "cho nane", kipimo cha zamani cha umbali wa mita 870 hivi kutoka ngome ya Okazaki hadi mtaa inakotengenezwa. Pipa moja la mbao huchukua takriban tani 6, na juu yake hupangwa kwa mkono mawe ya mtoni yenye uzito wa tani 3 hivi, kisha miso huachwa kwa zaidi ya miaka miwili. Hutoka ngumu, karibu nyeusi, yenye ukali na uchungu kidogo. Miso ya mchele ikichemshwa hupoteza harufu yake, ndiyo maana tunazima moto kwanza, tukaikoroga ndani ya upawa mpaka iyeyuke. Hatcho haiogopi moto. Huko Nagoya, mji mkuu wa Aichi, hupikiwa tambi nene za udon, zilizokandwa bila chumvi ili zihimili mchuzi huo mkolevu, na chungu cha udongo hufika mezani kikiwa bado kinatokota.

Kyoto hupika kinyume kabisa. Miso yake nyeupe huitwa Saikyo, "mji mkuu wa magharibi", nayo hutiwa katika supu ya Mwaka Mpya pamoja na vitonge vya mviringo vya mchele unaonata, magimbi na figili. Samaki pia hulazwa ndani yake kabla ya kuchomwa, hasa sawara, ambaye ni ndugu wa nguru wetu. Nilipojaribu mara ya kwanza sikuifuta miso kabla ya kuchoma, na sukari yake ikaungua nje ilhali nyama ilikuwa mbichi ndani. Tangu hapo huwa naifuta yote.

Kaskazini, mji wa Sapporo hutia miso katika rameni, yaani tambi za mchuzi. Hiroshima huipaka ukingoni mwa chungu cha chaza.

Miyazaki, kusini mwa Kyushu, wana hiyajiru, chakula cha siku za joto. Samaki aliyechomwa au dagaa wakavu hutwangwa pamoja na ufuta na miso ya shayiri katika bakuli la udongo lenye mifereji ndani. Kisha rojo hilo husambazwa kwenye kuta za bakuli, na bakuli hufunikizwa juu ya moto mpaka miso ianze kubabuka na kunukia. Hapo huongezwa supu baridi, tango lililokatwa nyembamba na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) iliyovunjwavunjwa kwa vidole, na yote humiminwa juu ya wali wa moto.