Schengen ni nini, na zile siku 90 zinahesabiwaje?

Anayepanga safari yake ya kwanza ya Ulaya huanza na miji: Paris siku nne, Amsterdam siku tatu, Roma siku tano, labda na Zurich siku mbili kwa sababu binamu yake anaishi huko. Halafu anauliza anahitaji viza ngapi. Kwa miji hiyo minne ni moja tu. Ufaransa, Uholanzi, Italia na Uswisi zote ziko ndani ya eneo la Schengen, na viza ya kawaida iliyotolewa na mojawapo inamruhusu mtu kuzunguka zote.

Schengen ni makubaliano ya nchi kuacha kukaguana pasipoti kwenye mipaka iliyo kati yao na kuulinda mpaka wa nje kwa pamoja. Yalitiwa saini Juni 14, 1985 na Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi, ndani ya meli iliyotia nanga mto Mosel kwenye kijiji cha Schengen, Luxembourg. Utekelezaji ulianza Machi 1995. Leo nchi ni 29: Kroatia iliingia mwaka 2023, Bulgaria na Romania zikakamilisha kuingia mwanzoni mwa 2025. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo viza ya pamoja ya watalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, lakini huko mtalii bado anapita dirisha la uhamiaji kila anapovuka. Ukipanda treni Paris ukashuka Amsterdam, dirisha hilo halipo.

Wengi huchanganya Schengen na Umoja wa Ulaya, wengine na sarafu ya yuro. Ni mambo matatu tofauti. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein haziko katika Umoja wa Ulaya lakini ziko Schengen. Ireland iko katika Umoja na inatumia yuro, ila Schengen haimo. Cyprus vivyo hivyo. Uingereza haimo popote katika hayo matatu, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayetaka kuona London na Paris kwa safari moja anaomba viza mbili, kwa maombi mawili, kwa ada mbili.

Ukaguzi wako mkubwa unafanyika pale ndege inapogusa ardhi ya Schengen kwa mara ya kwanza, hata kama tiketi yako inaendelea mbele. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Roma kupitia Amsterdam, afisa atakayekuuliza unakwenda wapi, unalala wapi na unarudi lini ni wa Amsterdam. Ndege ya kutoka hapo kwenda Roma inahesabika kama safari ya ndani. Ukishuka unachukua begi lako na kutoka nje. Ndiyo maana karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi hukaa kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku ulilokabidhi Dar.

Sasa siku. Kanuni ni kwamba mgeni wa muda mfupi haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na neno zozote ndilo linaloponza watu. Hakuna tarehe ambayo hesabu inafutwa na kuanza upya. Kila siku unayokuwa ndani ya Schengen, hesabu inarudi nyuma siku 180, ikijumuisha siku hiyo yenyewe, na kuuliza umekuwa ndani siku ngapi katika kipindi hicho. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa, na nchi zote 29 zinajumlishwa kwenye fungu moja.

Chukua mama mwenye viza ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Anakwenda Ujerumani kumsaidia binti yake aliyejifungua, anaingia Januari 10 na kuondoka Machi 10, mwaka ambao Februari ina siku 28. Hizo ni siku 60. Anataka kurudi Juni 1 azunguke na familia siku 40. Juni 1, siku 180 za nyuma zinaanzia Desemba 4, kwa hiyo siku zake zote 60 bado zipo hai. Amebakiwa na 30, lazima awe ametoka ifikapo Juni 30. Lakini akiingia Juni 9 mambo yanageuka: kuanzia Julai 9 zile siku za Januari zinaanza kudondoka moja moja kutoka kwenye hesabu, na kila siku mpya inachukua nafasi ya iliyodondoka. Siku zake 40 zinatimia bila kuvunja sheria. Kusogeza safari kwa siku nane kumempa siku kumi zaidi. Tume ya Ulaya imeweka kikokotoo mtandaoni cha kazi hii, na nasisitiza ukitumie kabla ya kukata tiketi.

Kwa safari ya kwanza, lakini, huenda usipewe siku 90. Stika ya viza ina tarehe mbili, ya kuanza na ya mwisho, na pembeni idadi ya siku za kukaa. Tuseme imeandikwa Julai 1 hadi Agosti 4, siku 20. Wengi husoma Agosti 4 na kudhani wana mwezi mzima. Hapana. Tarehe zile ni dirisha lililoongezewa siku 15 za tahadhari, ili ndege ikiahirishwa usikwame. Ukiingia Julai 3, siku yako ya mwisho ni Julai 22.

Kitu cha tatu kwenye stika ni mara za kuingia: 1, 2 au MULT, yaani mara nyingi. Yenye 1 inakwisha kazi ukitoka nje ya Schengen, hata kwa saa tatu. Aliyekwenda Paris, akavuka kwenda London kwa treni, atazuiwa London kwenyewe wakati wa kurudi, kwa sababu polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti palepale kituo cha St Pancras kabla ya kupanda. Mtalii wa Dubrovnik, Kroatia, anayejiunga na matembezi ya siku moja kwenda Kotor, Montenegro, nchi iliyo nje ya Schengen, yuko kwenye hatari hiyohiyo. Kama njia yako inatoka na kurudi, liseme kwenye maombi na uambatishe ushahidi.

Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa ratiba ya miji minne tuliyoanza nayo ni Italia, hata kama ndege inatua Amsterdam. Siku zikilingana, ni nchi ya kuingilia. Kuna mawakala wanaoshauri uombe kwa ubalozi "unaotoa kirahisi" kisha uende unakotaka. Usikubali. Viza iliyopatikana kwa hoteli za uongo inaweza kufutwa mpakani, na rekodi hiyo inakufuata kwenye maombi yako yajayo.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 angalau, na ihusu nchi zote za Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, ingawa siku 15 ndio muda wa kawaida wa kupata jibu na unaweza kufika 45. Anayeomba mapema analala usingizi.

Tangu Oktoba 2025 nchi hizi zimeanza kuachana na muhuri wa pasipoti; mfumo wa kompyuta unachukua picha ya uso na alama za vidole na kuandika tarehe ya kuingia na kutoka. Siku iliyozidi inaonekana papo hapo kwenye skrini ya afisa. Na pasipoti itembee nawe hata kwenye treni za ndani, maana Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi huingia behewani bila taarifa.