Damu peke yake haikutosha: kiti cha enzi cha Uingereza katika karne ya 18

Dhana: Taji lilimwendea aliye karibu zaidi kwa damu.

Malkia Anne alifariki tarehe 1 Agosti 1714 bila kuacha mtoto. Alishika mimba zisizopungua 17. Mtoto mmoja tu, William, ndiye aliyepita umri wa uchanga, naye akafa mwaka 1700 akiwa na miaka 11. Inaniuma kuona msiba wa mama huyu ukitajwa kama tatizo la urithi tu. Lakini ni kifo cha William kilicholifanya Bunge litunge sheria ya mwaka 1701: Mkatoliki, au aliyefunga ndoa na Mkatoliki, asitawale. Sheria ikamtaja Sophia wa Hanover, Ujerumani, Mprotestanti na mjukuu wa Mfalme James wa Kwanza.

Sasa tazama aliyeachwa. Anne alikuwa na ndugu wa baba mmoja, James Stuart, aliyekulia uhamishoni Ufaransa. Kwa damu hakuna aliyemkaribia. Akakataa kuacha Ukatoliki, akarukwa, na jamaa wengine zaidi ya 50 wakarukwa pamoja naye. Sophia alifariki wiki chache kabla ya Anne, hivyo taji likamwangukia mwanawe, George wa Kwanza.

Dhana: George huyo hakujua Kiingereza hata neno.

Alikijua kidogo. Na mawaziri wake walizungumza naye zaidi kwa Kifaransa.

Dhana: Tangu hapo mfalme akawa pambo.

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Ni kweli kwamba tangu Anne alipofanya hivyo mwaka 1708, hakuna mtawala mwingine aliyekataa kutia saini muswada uliopitishwa na Bunge. Lakini mawaziri bado walikuwa wa mfalme. Robert Walpole, waziri aliyeongoza serikali, alidumu madarakani kuanzia 1721 hadi 1742 kwa kushika kamba mbili, imani ya mfalme na kura za wabunge. George wa Pili aliongoza jeshi vitani Dettingen, Ujerumani, mwaka 1743. Desemba 1783, George wa Tatu aliwafukuza mawaziri wenye wabunge wengi nyuma yao, akamweka William Pitt, kijana wa miaka 24, aongoze serikali.

Dhana: Vitani Culloden, Uskoti, mwaka 1746, Waskoti walipigana na Waingereza.

Charles Stuart, mwana wa yule James aliyerukwa, aliwania kiti cha babu yake, James wa Pili, na Waskoti walikuwa pande zote mbili. Vita vyenyewe havikufika saa nzima.