Udumavu si wembamba

Mtoto akiharisha wiki nzima hadi mbavu zikahesabika, watu husema "amedumaa". Hajadumaa, amekonda, na ukondefu wa namna hiyo ni wa kumpeleka kituo cha afya leo hii. Udumavu ni kimo kuwa kifupi kuliko umri: chini ya mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha kitakwimu cha jinsi vimo vya watoto hutofautiana) kutoka kipimo cha kati cha viwango vya Shirika la Afya Duniani. Mvulana aliyetimiza miaka 2, akipimwa amesimama, mstari wake wa udumavu upo kwenye sentimita 81. Mizani haihusiki.

Kuchanganya mambo haya mawili kunawaumiza watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta udumavu wa asilimia 30 kwa walio chini ya miaka 5, na katika mkoa wa Iringa ukapita nusu ya watoto. Iringa, kwenye mahindi, maharage na viazi tele! Mtoto wa huko unaweza kumkuta mashavu yamejaa, uzito unalingana na kimo chake, na kila mtu akamsifia afya, kumbe ana miaka 3 na kimo cha wa miaka 2. Uji wa mahindi mtupu unashibisha, ila protini na zinki zilizomo hazimtoshi. Ongeza lishe duni ya mama wakati wa ujauzito na maradhi yanayorudi kila mara. Haya hujilimbikiza polepole, tangu tumboni hadi miaka 2, wala hakuna siku moja ambayo mzazi angeshtuka.

Jibu linaloniudhi zaidi ni lile la "sisi ni wafupi kwa asili". Dai hilo lilipimwa. Kati ya 1997 na 2003 watafiti walifuatilia watoto wapatao 8,500 huko Pelotas ya Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis ya California, wote wa mama wasiovuta sigara, walionyonyeshwa na kuishi katika mazingira mazuri. Vimo vyao vilikaribiana mno. Katika tofauti zote za urefu, nchi ilichangia takribani asilimia 3 tu, ilhali tofauti kati ya mtoto na mtoto wa mahali pamoja ilikuwa kama asilimia 70. Viwango vilivyotangazwa 2006 vilitoka hapo. Mtoto wa Accra na wa Oslo, wakilishwa vizuri wakiwa wadogo, hukua kwa mwendo mmoja.

Urithi wa wazazi upo, sikatai. Hata kati ya watoto 100 wenye afya, kama wawili huangukia chini ya mstari ule. Ndiyo maana kimo cha siku moja hakitoshi kusema mtoto fulani amedumaa. Hutazamwa mchoro wa kadi ya kliniki, kama unapanda au umelala. Basi kabla ya kusema "kafuata babu yake", au "mbona amenona", tuulize kwanza ana miezi mingapi, na mara ya mwisho alipimwa urefu lini.