Bata Mwenye Namba: La Tour d'Argent kwa Jicho la Mhudumu

Kila ninapoanza darasa jipya la huduma ya mezani huwauliza vijana: mgahawa hujengwa na nani? Wote hujibu kwa sauti moja: mpishi. Ndipo ninapowaletea kisa cha La Tour d'Argent, namba 15 Quai de la Tournelle, Paris, ukingoni mwa mto Seine. Aliyelifanya jina la nyumba ile livuke bahari hakuwa mpishi. Frédéric Delair alikuwa mkuu wa wahudumu, mtu wa sharafa ndefu na koti refu, na kazi yake ilikuwa ukumbini, mbele ya macho ya wageni.

Wenyewe husema nyumba ilianza mwaka 1582. Hapo mimi hupita haraka. Mwaka huo Paris ilikuwa na nyumba za wasafiri na vilabu vya mvinyo, lakini mgahawa kwa maana yetu, yaani meza yako, orodha ya vyakula na bei zake, ulizuka pale katika nusu ya pili ya karne ya 18. Husimuliwa pia kwamba mfalme Henri III aliona uma kwa mara ya kwanza hapo. Ni hadithi tamu ya kungojea kahawa. Kwangu historia ya nyumba hii inaanza 1890, kwa sababu kuanzia hapo kuna hesabu.

Mwaka huo Delair alianza kumpa kila bata namba. Bata wa kukamuliwa, yaani yule ambaye mifupa yake hukamuliwa ili damu iwe mchuzi, hakumbuni yeye, maana watu wa Rouen, mji wa Ufaransa, walikuwa wakimpika zamani. Alichofanya Delair ni kuitoa kazi jikoni, kuileta ukumbini kama tambiko, kisha kumkabidhi mgeni kadi yenye namba ya bata wake. Edward, mwana wa Malkia Victoria, alipewa namba 328 mwaka huohuo. Hirohito wa Japani alipata 53,211 mwaka 1921. Elizabeth, kabla hajawa malkia, alipata 185,397 mwaka 1948. Bata wa milioni moja alitoka mwaka 2003.

Nawaambia vijana wachukue kalamu. Kutoka 1890 hadi 1948 ni wastani wa bata tisa kwa siku. Kutoka 1948 hadi 2003 ni kama arobaini. Katika kipindi chote hicho cha pili nyumba ilikuwa mikononi mwa Claude Terrail, aliyeipokea 1947 kutoka kwa baba yake André na kuishika hadi alipofariki 2006. Kadi ni kipande cha karatasi tu, lakini ukishakuwa nayo umeingia kwenye foleni moja na wafalme, hata kama wewe ni muuza viatu uliyejibana mwaka mzima.

Sasa bata mwenyewe. Kwa desturi hunyongwa, hachinjwi, ili damu ibaki mwilini. Najua wasomaji wangu wengi wa pwani wameshaweka kijiko chini, na sitawabembeleza wakiokote. Huokwa kwa muda mfupi, nyama ikiwa bado nyekundu. Mtaalamu wa kazi hiyo, wanayemwita canardier, hutoa mapaja na kuyarudisha jikoni yakachomwe, kisha hukata kidari vipande vyembamba. Ini husagwa. Kiunzi cha mifupa hutiwa ndani ya kikamulio cha fedha chenye gurudumu juu, likazungushwa hadi damu na uboho vichuruzike. Majimaji hayo hupikwa mbele ya wageni kwa moto mdogo, pamoja na ini, supu nzito, konyaki na mvinyo mtamu, yakikorogwa bila kupumzika. Moto ukizidi, damu inaganda vipande vipande na mchuzi umekwisha. Hakuna pa kujificha: mgeni anaona mkono wako ukitetemeka.

Mwaka 1936 André Terrail aliupandisha ukumbi hadi ghorofa ya sita, na hapo mgahawa ukapata kitu ambacho hakuna mpishi angeweza kukipika: mto chini, na kanisa kuu la Notre-Dame likionekana kwa mgongo wake.

Chini ya jengo kuna ghala la mvinyo lenye chupa zaidi ya 300,000. Mnamo Desemba 2009 walipiga mnada chupa 18,000, na ghala halikuonekana kupungua. Juni 1940, Wajerumani wakikaribia Paris, Claude Terrail, wakati huo mwanajeshi wa anga, aliomba ruhusa fupi na kurudi nyumbani. Chupa bora zaidi, zikiwamo za mwaka 1867, zikafichwa nyuma ya ukuta uliojengwa harakaharaka. Ukuta haukugunduliwa.

Kuhusu nyota za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa kwa nyota moja hadi tatu: zilikuwa tatu, moja ikaondoka 1996 na nyingine 2006. Ikabaki moja. Wakaguzi walikuwa na haki yao, kwani nyumba inayoishi kwa sahani moja huanza kuilinda kuliko kuipika. Mwaka 2023 ilifunguliwa tena baada ya ukarabati mkubwa.

Nilikwenda mara moja, mchana, kwa sababu chakula cha mchana bei yake ni nafuu kidogo. Bata sikumla. Niliagiza samaki wa mto aliyepondwa na kuumbwa kama mviringo mrefu, sahani nyingine ya zamani ya nyumba ile, na macho yangu muda wote yalikuwa kwa canardier. Aligeuza gurudumu kwa mkono mmoja, kifundo kikiwa kimelegea, bila kulitazama. Nimewaeleza vijana wangu jambo hilo mara nyingi na bado sijaweza kuliiga.

Meza ya jirani alikaa bibi mmoja peke yake. Bata wake alipofika na kadi ikawekwa kando ya sahani, aliisoma, akaifuta kwa leso ingawa haikuwa na tone, akaitia mkobani na kufunga zipu. Ndipo akashika uma.